Nduru Niliyopiga

Mama sasa ni mzee, na asubuhi za baridi hawezi kuvaa sweta peke yake. Mwezi uliopita nilikuwa nikimsaidia. Mkono wa kulia uliingia bila shida, wa kushoto ukakwama kama kawaida, kwa sababu mfupa wa chini ya kiwiko uliungana vibaya na haujawahi kunyooka tena. Binti yangu mdogo alikuwa amekaa kitandani akitutazama. Akamuuliza bibi yake, "Cucu, nani alikuvunja mkono?"

"Ni mwalimu," mama akasema, akacheka kidogo, akaomba chai.

Mtoto akanigeukia mimi. Nikasema chai inapoa. Basi nawaeleza ninyi wa rika langu kwanza, mliokulia kwenye nyumba zenye wapangaji uani, kile nilichoshindwa kumweleza yeye.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya mbao, imepakwa oili chafu ya lori kutoka chini hadi kwenye mabati ili mchwa wasiile. Jua likiwaka, kuta zilitoa jasho jeusi, na ukiegemea, gauni limeharibika na umejitafutia kichapo. Kabla ya hapo wazazi wangu waliishi kwenye kijiji cha wakati wa hali ya hatari, ambako serikali ya mkoloni iliwafungia watu wa kwetu, kile kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa ncha. Uhuru ulipokuja, baba, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa, akapata kiploti nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwenye barabara inayokwenda chuo cha ualimu. Akajenga vyumba viwili vyetu, kisha akaongeza vinne kwa nyuma, vimepangana mlango kwa mlango. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Oili haijakauka, wanafunzi wakaanza kuja na magodoro vichwani.

Baba alikuwa akikaa Kiriaini wiki nzima kwa kazi ya lori na kurudi Jumapili, kwa hiyo mwenye nyumba hasa alikuwa mama. Alijua mpangaji gani ana kikohozi na nani amepokea barua kutoka kwao. Mimi nilikuwa darasa la pili, natoka shule saa sita mchana, na uwanja ule ulikuwa wangu; wapangaji waliniita askari wao mdogo.

Tulipigwa sana siku zile. Nalisema hilo bila uchungu, kama mtu anavyosema mvua ilinyesha sana mwaka fulani. Mwalimu alipiga kwa tawi la mti wa kahawa, baba kwa mshipi, mama kwa chochote kilichokuwa mkononi: mwiko, kandambili, siku moja kabichi. Wapangaji wetu waliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, walikaa kwenye ngazi wakisimuliana jinsi kila mmoja alivyochapa darasa zima kabla ya kengele, wakicheka mpaka machozi. Mimi nilidhani ndiyo kazi yenyewe waliyokuja kujifunza. Nilidhani kule chuoni kuna chumba cha fimbo, kama kulivyo na chumba cha vitabu, na kwamba mtu anafanya mtihani wa kuchapa.

Aliyekuwa tofauti ni Ndirangu wa chumba cha kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kusimulia habari za kuchapa. Ukuta wetu mweusi aliugeuza ubao. Jioni alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika neno, akaniambia nilisome, na nikikosea alisema tu, "Angalia tena." Ni yeye aliyenifundisha kusoma, si shule. Siku moja mama alikuwa akichinja kuku, kisu kikateleza, kuku akakimbia na shingo nusu. Ndirangu aliona damu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Wenzake walimcheka wiki nzima.

Chumba cha nne alikaa Muthoni, kutoka Kianyaga huko Kirinyaga, msichana pekee pale kwetu. Alinisuka nywele Jumamosi. Katika muhula ule alianza kutapika asubuhi nyuma ya choo, na alikuwa akila kitu cheupe alichokificha kwenye leso. Nilikuwa na hakika ni chaki. Nikaona ndiyo sababu anatapika, na nikaitunza siri yake, maana kuiba chaki ya chuo ni kosa kubwa. Siku moja aliondoka na kikapu tu, bila kuaga mtu. Nikasikia mama akimwambia jirani, "Wamemfukuza. Karibu amalize, na wamemfukuza." Nikajua wamegundua habari ya chaki. Yalikuwa yale mawe laini ambayo wanawake hutamani wakiwa na mimba, lakini hilo nilikuja kulielewa miaka mingi baadaye, na nikaelewa pia kwamba aliyempa mimba alibaki darasani akaendelea na masomo.

Siku chache baada ya Muthoni kuondoka, mwizi alikuja. Alichukua blanketi mbili zilizokuwa zimeanikwa kwenye ua wa miiba ya kaiyaba, na akavunja kufuli ya Ndirangu, akabeba redio yake. Redio hiyo baba yake alikuwa ameuza ndama ili amnunulie alipopata nafasi ya chuo. Ndirangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi na ile kufuli iliyovunjika mkononi, akiifungua na kuifunga, akiifungua na kuifunga.

Jioni wanafunzi walifanya mkutano uwanjani. Mmoja akasema mwizi akishikwa apelekwe polisi. Wengine wakamzomea. "Polisi? Ati aende alale huko siku mbili, akule chakula ya serikali, halafu arudi?" Wakakubaliana. Kisha Ndirangu akaniita, akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu.

"Wewe ndiye askari wetu. Mchana sisi hatuko, mama yako yuko shamba. Ukiona mtu hujui anagusa kufuli, utafanya nini?"

"Nitapiga nduru."

"Hebu piga tusikie."

Nikapiga kidogo, kwa aibu.

"Hiyo ni ya paka. Piga tena."

Nikapiga ya pili, na ya tatu nikaitoa tumboni, nimefumba macho, mpaka mbwa wa jirani wakaitikia na mama akatoka jikoni mbio. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikapewa mandazi mawili. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka shule mbio, nikikaa chini ya ua wa kaiyaba mahali naona milango yote minne, na kungoja. Nilimngoja mwizi kama watoto wengine wanavyongoja Krismasi.

Alikuja Jumamosi alasiri. Wanafunzi walikuwa wamekwenda shamba la chuo, na mama alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe huko bondeni. Alikuwa kijana mwenye koti la mvua na viatu vilivyojaa matope mekundu. Akasimama mlangoni kwetu, akaita hodi mara tatu. Akazunguka nyuma, akaniona chini ya ua, akatabasamu, akanisalimia.

"Mama yako yuko?"

Nikamkazia macho. Akaongea tena, kwa Kikuyu cha kule upande wa Kirinyaga, kinachopanda na kushuka kama mtu anayeimba, na kwa masikio yangu hicho kilikuwa Kikuyu cha mtu wa mbali. "Nimekuja kuchukua vitu vya mtoto wetu," akasema. "Gari litaniacha."

Mtoto wetu. Nilifikiria neno hilo kwa makini sana. Katika vyumba vyote vinne hapakuwa na mtoto. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Kwa hiyo alikuwa mwongo, na mtu mwongo anayeokota jiwe na kuelekea kwenye kufuli ya Muthoni ni nani? Aligonga mara mbili, kufuli ikaachia. Akaingia, akatoka na sanduku la bati kichwani.

Lakini niseme ukweli wote. Alikuwa ametabasamu. Alikuwa ameita hodi. Kitu fulani ndani yangu kilijua mwizi haiti hodi, na kitu hicho nilikisikia vizuri. Ila nilikuwa nimengoja siku nyingi, na kutoka barabarani nilisikia sauti za wanafunzi wakirudi. Nikafumba macho nikaitoa ile ya tumboni.

Waliingia wakikimbia na majembe yao, mashati yamelowa jasho, kumi au kumi na tano, wetu na wa ploti za jirani. Kijana aliweka sanduku chini, akainua mikono miwili, akafungua mdomo kusema. Ndirangu ndiye alikuwa mbele. Alikuwa ameng'oa mpini wa jembe, na pigo lake la kwanza lilimpata yule kijana kwenye taya. Nililisikia. Kwa hiyo jina ambalo lingemwokoa halikutoka. Kilichotoka ni damu, na sauti kama ya ndama.

Baada ya hapo walikuwa wote. Walimpiga miguu akaanguka, wakampiga mgongo akajikunja, wakampiga vidole vilivyokuwa vinakinga kichwa. Mmoja alikuwa akirukaruka kando akisubiri nafasi, akipata nafasi anapiga teke, kisha anarudi kusubiri. Sanduku lilipasuka, nguo za Muthoni zikamwagika matopeni, na mtu akapiga kelele, "Ona! Anaiba hata nguo za wasichana!" Wakaongeza. Kati ya zile nguo niliona sweta ndogo sana ya manjano, haijamalizwa, sindano bado zimo. Nikafikiri Muthoni ananifumia nguo ya mwanasesere.

Mwanafunzi ambaye jina lake nimesahau alininyanyua akaniweka begani. "Askari wetu!" akasema. "Angalia kazi yako." Nikaangalia. Kutoka kule juu niliona vizuri kuliko mtu yeyote. Niliona sikio likichanika. Niliona Ndirangu, yule aliyekimbia damu ya kuku, akiinua mpini na kuushusha, akiinua na kuushusha, uso wake umetulia kabisa kama anapoandika ukutani. Sikuogopa. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Kwa muda nilijisikia fahari.

Kisha mama akatokea pembeni mwa nyumba, mzigo wa majani mgongoni, kamba ya mzigo ikiwa kwenye paji la uso. Alisimama muda wa kupumua mara moja. Akaachia mzigo ukaanguka, akapita katikati ya wale vijana akiwasukuma kwa mabega, na sikumwona tena. Alikuwa amelala juu ya yule mtu, amemfunika toka kichwani mpaka kiunoni. Mpini wa Ndirangu ulikuwa tayari unashuka. Mama aliinua mkono wa kushoto.

Mfupa wa mtu ukivunjika unatoa sauti ndogo, si ya kutisha, kama kuni kavu. Lakini kila mtu uwanjani aliisikia, na vipigo vikakoma.

"Mama, ni mwizi," mtu akasema nyuma.

"Hata kama."

"Tumempata na vitu mkononi."

"Nimesema hata kama. Hii ni nyumba yangu. Anayetaka kumpiga aanze na mimi, tena apige sawasawa."

Miaka mingi baadaye shangazi yangu aliniambia mama alijifunza wapi kulalia mtu. Ni katika kile kijiji cha mtaro, na wakati huo ni mama yake mwenyewe aliyemlalia yeye ili asipigwe, na hakuinuka tena. Mama hajawahi kunisimulia hilo. Siku ile mimi niliona tu mtu mzima amelala matopeni na nguo zake za shamba, mkono mmoja umekaa vibaya, akiwatazama vijana wote machoni mmoja baada ya mwingine.

Chini yake yule kijana alikuwa akihangaika na mfuko wa koti. Vidole vilikuwa vimevimba, haviwezi. Mama akamsaidia kwa mkono uliobaki, akatoa barua, imekunjwa mara nne na kuingia damu upande mmoja. Mama hakujua kusoma. Akamnyooshea Ndirangu.

"Soma."

"Mama..."

"Si wewe ni mwalimu? Soma kwa sauti, kila mtu asikie."

Ndirangu akaweka mpini chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akafungua karatasi.

"Mama, nakusalimia sana. Huyu ni kaka yangu Kariuki, tumezaliwa tumbo moja. Ufunguo ulinipotea safarini, tafadhali mruhusu avunje kufuli, nitaleta nyingine. Apewe sanduku na vitabu vyangu. Mwambie Ndirangu na wengine wanisamehe nilitoka bila kuaga, niliona haya. Na nisalimie askari wenu mdogo. Ni mimi, Muthoni."

Alisoma mpaka mwisho. Alisoma vizuri, akisimama kwenye nukta, kama walivyofundishwa. Kisha akaketi chini matopeni, na hapo ndipo watu walipoanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kukimbia, wakiburuta majembe. Aliyenibeba aliniteremsha kwa upole akaniweka kwenye majani ya ng'ombe. Hakunitazama.

Kariuki na mama walipelekwa hospitali kwa gari la maziwa, wamelazwa kati ya mikebe. Polisi walikuja Jumatatu wakauliza ni nani walipiga. Kila mpangaji akasema alikuwa shambani, hakuona, alisikia tu. Mama alilitaja jina moja, Ndirangu, na wakaenda kumtafuta. Chumba kilikuwa wazi. Alikuwa ameacha godoro, blanketi, na kipande cha chaki dirishani. Kesi haikuendelea. Baadaye sana nilisikia alimaliza masomo kwingine, akafundisha huko mbali mpaka akastaafu, na waliosoma kwake wanasema alikuwa mwalimu mzuri. Sijui nifanye nini na habari hiyo.

Jumapili ile lori lilimharibikia baba; aliporudi Jumapili iliyofuata, alimkuta mama na plasta ngumu mkononi, akasikiliza yote akiwa amesimama. Akafungua mshipi. Mimi sikungoja kuitwa, nilikwenda mwenyewe nikalala kifudifudi kwenye benchi kama ilivyokuwa desturi, na ninakumbuka nilishukuru kwamba hatimaye jambo hilo linafika mwisho.

"Usimguse," mama akasema. "Kuna watu wazima walimfundisha."

Kisha nikasikia mshipi ukirudi kiunoni, kitanzi baada ya kitanzi. Nilibaki pale kwenye benchi mpaka giza likaingia, hakuna aliyeniambia niinuke.

Wiki zilipita. Hakuna aliyenigombeza. Jirani walinipa ndizi. Shuleni nikaanza kupiga wenzangu, nikamng'oa msichana mmoja nywele, nikachapwa, lakini viboko hivyo vilikuwa vya mambo mengine, havikufika mahali nilipovihitaji. Mama aliyaona hayo yote. Plasta ilipotolewa, akafunga sanduku la Muthoni kwa kamba, nguo zote zimefuliwa na kupigwa pasi, akaweka viazi na sukari kwenye kikapu, akaniambia nivae viatu.

Kwa kina Muthoni kulikuwa juu kwenye mashamba ya chai, nyumba ndogo yenye ua uliofagiwa. Muthoni alitoka kutupokea, tumbo limekuwa kubwa, akamkumbatia mama kwa upande ule usiouma. Mimi alinishika kichwa tu. Ndani alikuwa ameketi mama yao, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani, na kando yake Kariuki. Taya lilikuwa limepona vibaya, limeelekea upande. Sikio moja halikuwa likisikia tena, kwa hiyo aligeuza kichwa kizima kumwangalia anayesema.

Mama hakuketi. "Huyu ndiye alipiga nduru," akasema. "Nimemleta mumuone. Na yeye awaone."

Yule mama akaniita nikasimama mbele yake, karibu hata nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake.

"Ulimwona mtoto wangu akiiba?"

"Hapana."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Aliita hodi."

"Halafu?"

"Akanisalimia."

"Halafu?"

"Nikapiga nduru."

Akanizaba kofi. Lilikuwa kofi moja la mkono uliozoea jembe, likanipata shavu la kulia, nikaona weupe, nikaenda kugonga mlango kwa bega. Nikamtazama mama. Alisimama palepale. Kariuki alitoa sauti, "Mama, basi," maneno yakitoka nusu. Na mimi nikalia. Sikuwa nimelia tangu siku ile, hata mara moja, na sasa nililia mpaka nikakosa pumzi, na katikati ya kilio hicho nilihisi kitu kikilegea kifuani, kama fundo lililolowa maji.

Yule mama alinitazama mpaka nikamaliza. Macho yake pia yalikuwa mekundu. Akainuka, akaingia jikoni, akarudi na sahani mbili za viazi vilivyopondwa na mboga, ya mtoto na ya mtu mzima, akaziweka kwenye kiti kimoja kati yangu na Kariuki.

"Kuleni," akasema.

Shavu langu la kulia lilikuwa limeanza kufura, na taya la Kariuki halikufunguka upande wa kushoto. Tukala, mimi na yeye, polepole, kila mmoja kwa upande mmoja wa mdomo, mpaka sahani zikaisha.